Kabureta na Ukubwa wa Injini

Hotuba ya Kamati ya Mitambo na Usafiri, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama, Kalinzi



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya mitambo ya Chama. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za miche, za bei na za madeni, hatutayarudia. Sisi twataka kusema habari ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni kabureta. Twajua kwamba wako watakaostaajabu. Ngoma zangoja nje, chakula kimeiva, na hawa wanatuletea habari za spana! Twawaomba subira. Jambo hili limegusa kahawa yenu, limegusa fedha yenu, na limegusa heshima ya kijana mmoja wa humu humu kwetu. Hilo la tatu ndilo lililotufanya tuombe nafasi hii mbele ya watu wote, wala si katika chumba cha Halmashauri.

Wote mwakumbuka siku ile ya msimu uliopita, matunda yalipofika kwa wingi kuliko siku zote. Vikapu vilipangwa tangu mlangoni hata barabarani. Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa kwamba tunda lililochumwa halingoji. Likichumwa asubuhi lataka kumenywa siku ile ile. Likilala na ganda lake huanza kuchacha, na ladha mbaya huingia katika buni, isiweze kutoka tena kwa kuosha wala kwa kuanika. Jioni ile injini ya mashine yetu ya kumenyea ilizimika mara ya kwanza, ikawashwa. Ikazimika mara ya pili, ikawashwa. Mara ya tatu ikakwama kabisa. Tulirudisha mashine za mkono, tukamenya kwa taa mpaka usiku wa manane. Hata hivyo sehemu kubwa ya matunda ililala. Mlioipeleka kahawa siku ile mwaijua hasara yenu, nasi hatuna haja ya kuitangaza hapa.

Siku ya pili yake tuliitisha kikao, tukauliza ni nani mwenye kosa. Jibu lilipatikana upesi mno. Kijana aliyekuwa akiendesha mashine aliambiwa kwamba hakuitunza, kwamba aliiwasha kwa pupa, na kwamba alitia mafuta mabaya. Alijitetea, lakini maneno yake hayakusikilizwa. Akaondolewa kazini. Sisi wa Kamati hii tuliinua mikono yetu kukubali.

Ndugu wanachama, kosa halikuwa la kijana yule. Kosa lilikuwa letu, na leo tutalieleza toka mwanzo hata mwisho.

Injini yetu ni ndogo, ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 196, au kama wasemavyo mafundi, cc 196. Kabureta yake ya asili ilipochakaa tulimtuma mtu dukani kununua nyingine. Akarudi na kabureta nzuri, mpya, yenye kung'aa, na bei yake ilikuwa nafuu. Ilikuwa imetengenezwa kwa injini ya cc 389. Mashimo ya bolti hayakulingana, basi tukachonga bamba la chuma, tukakata gasketi, tukaifunga. Tena tulijipongeza! Tulisema, ikiwa kabureta ni kubwa, nguvu nayo itakuwa kubwa.

Injini iliwaka. Ilipozunguka bila kazi ilikwenda vizuri. Lakini mashine ilipojazwa matunda, na mzigo ukaja, ilikohoa na kutaka kufa. Kijana alitujia, akatuambia kwa maneno yake mwenyewe: "Wazee wangu, injini hii haipati mafuta mzigo unapokuja." Badala ya kuuliza sababu, tuliichukua jeti, tukaipanua tundu lake kwa keekee. Ikapata nguvu kidogo, nasi tukaridhika. Moshi mweusi ukaanza kutoka, tukasema ni kawaida. Petroli ikaisha upesi, tukasema kijana anaimwaga, au labda anaiuza. Petroli isiyoungua ikateremka kando ya pistoni, ikaingia katika oili, ikaifanya nyepesi kama maji. Oili ilipokosa unene wake, chuma kikasagana na chuma, hata siku ile kikakwama.

Hayo yote hatukuyajua wakati ule. Tuliyajua baadaye, tulipoipeleka injini Ujiji kwa fundi mmoja mzee ambaye amefanya kazi hii tangu ujana wake. Mzee aliifungua, akaitazama kabureta, akaitazama injini, akatutazama sisi. Kisha akasema: "Wanangu, mmemvisha mtoto kanzu ya babu yake. Akijikwaa, mwampiga mtoto."

Tukamwomba atufundishe. Akatupeleka nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, akafunua turubai. Chini yake ilikuwapo motakaa ya zamani ya Kiitalia, Fiat 124. Vijana wengi hawaijui gari hii, lakini katika siku zake ilikuwa na sifa kubwa. Ilitokea mwaka 1966, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya kwa mwaka 1967. Na Warusi waliponunua maarifa ya Waitalia, ndiyo waliyoifanya msingi wa gari lao la kwanza la kiwanda cha Togliatti, lililoanza kutolewa mwaka 1970. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa cc 1,197.

Mzee akasema: "Nami nilifanya kosa lenu. Nilitamani nguvu. Rafiki yangu akaniuzia kabureta ya Fiat 125, ambayo injini yake ni cc 1,608. Katika barabara ya sawasawa gari lilikimbia. Nilipopakia watu wanne na kuushika mlima wa kuja huko kwenu Kalinzi, lilikohoa kama mgonjwa. Nikaongeza jeti, likala petroli wala lisipande. Miezi mingi ilipita kabla sijajua kwamba nilianzia mwisho wa hesabu badala ya mwanzo wake."

Sasa twaomba ruhusa tuwafafanulie hesabu hiyo kama tulivyofunzwa, maana kila mmoja wenu mwenye pikipiki, pampu ya maji au mashine ndogo ya petroli ataihitaji.

Injini ni kama pampu ya hewa. Pistoni ikishuka huvuta hewa, na hewa hiyo hupita katika kabureta. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Ukiigeuza kuwa lita, lita moja ya petroli hula zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kwa hiyo chakula kikubwa cha injini ni hewa. Petroli ni kama chumvi katika mboga. Ikipungua, injini huchemka na kuungua; ikizidi, hutoa moshi na kupoteza fedha. Kazi ya kabureta ni kutia chumvi kwa kipimo.

Injini ya mapigo manne huvuta ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Fiat ile ya cc 1,197, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ingevuta karibu lita 2,400 za hewa kwa dakika moja kama silinda zake zingejaa kabisa. Pikipiki ya cc 150 ikizunguka mara 6,000 ingevuta lita 450. Mwaona basi kwamba haiwezekani kabureta moja iwafae wote wawili.

Ndani ya kabureta iko sehemu iliyobanwa, nasi tutaiita koo. Hewa ikipita penye koo hukimbia, kama maji ya mto yakimbiavyo penye mwamba mwembamba. Na penye kukimbia, mkandamizo wake hupungua. Upungufu huo ndio mvuto unaoipandisha petroli kutoka katika kikombe chenye boya. Petroli hupanda kwa kupitia jeti kuu, ambayo ni msumari mdogo wa shaba wenye tundu lililopimwa kwa usahihi mkubwa. Kabla ya kutoka, petroli huchanganywa na hewa kidogo iliyopitia jeti ya hewa, ikawa povu. Kisha hupulizwa ndani ya koo kama ukungu. Injini ikiwa haina kazi, mvuto wa koo hautoshi, na hapo hulishwa na jeti nyingine ndogo, ambayo mafundi wetu huiita jeti ya sailensa.

Hapa ndipo penye siri ambayo sisi hatukuijua. Ukubwa wa injini hauchagui jeti. Ukubwa wa injini huchagua koo, na koo huchagua jeti. Mzee aliturudia maneno haya mara tatu: jeti hufuata koo, koo hufuata injini.

Sababu yake ni hii. Chukua koo moja, ulifunge kwanza katika injini ndogo, kisha katika injini kubwa zaidi kidogo. Injini kubwa itavuta hewa nyingi zaidi, hewa itakimbia zaidi, mvuto utazidi, na petroli itaongezeka yenyewe, bila jeti kuguswa. Uwiano wa hewa na petroli utabaki karibu pale pale. Kwa hiyo yule asemaye, "injini yangu ni kubwa, nipe jeti kubwa," hajauliza swali la kwanza, yaani koo lake lina upana gani.

Ama koo likiwa pana mno kwa injini, mambo huharibika kwa njia nyingine. Injini yetu ni cc 196, na kabureta ilikuwa ya cc 389, karibu maradufu. Kwa mwendo ule ule wa mzunguko, eneo la koo la injini kubwa ni karibu maradufu ya lile la injini ndogo. Basi ndani ya koo lile hewa yetu ilikimbia kwa nusu tu ya mwendo uliotakiwa. Na mvuto hufuata mwendo ukizidishwa kwa wenyewe: nusu ya mwendo huleta robo ya mvuto. Kwa robo ya mvuto petroli haipandi sawasawa, na ikipanda hudondoka kwa matone, isiwe ukungu.

Sasa tazameni mzigo unapokuja. Mashine ikijazwa matunda, injini hupunguza mwendo. Gavana huona, hufungua mlango wa hewa wote. Katika kabureta ya kufaa, jambo hilo lingeleta nguvu. Katika kabureta yetu lilifungua lango kubwa mbele ya pumzi ndogo. Hewa ikalala, mvuto ukafa, petroli ikabaki kikombeni. Kijana alisema kwamba injini haipati mafuta mzigo unapokuja. Ndugu wanachama, fundi mwenye vyeti asingeweza kusema kwa usahihi zaidi. Alikuwa na haki kabisa.

Koo likiwa dogo mno, kosa ni kinyume chake. Injini hupanda vizuri katika mwendo wa chini, kisha hufika mahali ikakataa kuongeza, kama mtu akimbiaye hali ameshikwa pua. Kosa hili halina hatari kubwa. Kwa mashine ya kumenyea, au pikipiki ya kupandisha magunia, afadhali koo pungufu kidogo kuliko koo la kuzidi.

Kupima koo si kazi ngumu. Kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, injini ikiongezeka kwa theluthi, kipenyo cha koo hakiongezeki kwa theluthi. Tuzilinganishe Fiat zile mbili: cc 1,608 ni zaidi ya cc 1,197 kwa theluthi moja na kitu kidogo. Kipenyo kitakachotakiwa kitazidi kwa sehemu 16 tu katika mia. Kama injini ndogo inafaa koo la milimita 24, kubwa kwa mwendo ule ule itataka kama milimita 28. Milimita 4, ndugu zangu! Ndizo zilizomfanya mzee wetu akohoe mlima mzima.

Waitalia walikuwa hodari sana katika sanaa hii, na ndiyo maana mafundi wazee husomea kabureta zao. Edoardo Weber alianzisha kiwanda chake huko Bologna mwaka 1923. Kampuni ya Dell'Orto ilianzishwa mwaka 1933, nayo ilijulikana zaidi kwa pikipiki na skuta. Sifa ya kabureta za Weber ni kwamba koo, jeti kuu, jeti ya hewa na kijibomba cha povu, vyote hufunguliwa na kubadilishwa kimoja kimoja. Mwili mmoja wa kabureta waweza kuhudumia injini nyingi, mradi fundi ajue viungo vya ndani. Namba iliyochorwa juu ya jeti ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita: jeti 115 ina tundu la milimita 1.15.

Kwa magari ya aina ya Alfa Romeo Giulia yenye kabureta mbili za makoo mawili mawili, ambamo kila silinda ina koo lake peke yake, mafundi hutumia kanuni nyepesi ya kuanzia. Zidisha kipenyo cha koo kwa nne, utapata jeti kuu; ongeza 50, utapata jeti ya hewa. Koo la milimita 30 litaanza na jeti kuu 120, na jeti ya hewa 170. Koo la milimita 28 litaanza karibu na 110 au 115. Hata kijibomba cha povu huchaguliwa kwa ujazo wa silinda moja: kile kiitwacho F11 kwa silinda ya cc 250 hadi 325, F15 kwa cc 275 hadi 400, F9 na F16 kwa cc 350 hadi 475, na F2 kwa cc 450 hadi 575. Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Kisha huja majaribio barabarani. Wala haifai pale koo moja linapolisha silinda nne kwa zamu, maana huko mvuto huenda kwa namna nyingine na jeti huwa kubwa zaidi kwa koo lile lile.

Tahadhari moja kwa wenye pikipiki: msilinganishe namba za jeti za watengenezaji mbalimbali. Wengine huandika kipenyo cha tundu, wengine huandika kiasi cha mafuta kipitacho. Jeti mbili zenye namba moja zaweza kuwa watu wawili tofauti wenye jina moja.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa milimani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, na mashamba yetu ya kahawa yako juu zaidi. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Tukisema hewa ya pwani ni 100, basi kule Kigoma na Ujiji ni kama 93, na kwenye kimo cha mita 1,500 ni kama 86. Injini huvuta ujazo ule ule, lakini ndani yake hewa ni haba. Petroli hupungua pia, lakini haipungui kwa kadiri ile ile. Basi mchanganyiko huzidi petroli. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, ikiletwa kwenye mita 1,500, itazidi petroli kwa sehemu saba au nane katika mia. Kushuka kutoka jeti 115 hadi 110 kwatosha kuirekebisha. Kwa pikipiki iliyopimwa Ujiji na kuletwa huku, tofauti ni ndogo sana, karibu sehemu nne katika mia, wala haihitaji jeti nyingine.

Lakini sikilizeni vizuri. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudi kwa jeti. Pikipiki ikidhoofika mlimani, kijana huambiwa gerejini: "Tukuongezee jeti." Hiyo ni kumwongezea chumvi mtu aliyenyimwa ugali. Huku kwetu jeti yapasa ipungue au ibaki, haipaswi kuongezwa.

Madereva wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, waliyajua mambo haya. Wataliano walileta magari yao ya Lancia, na mwaka 1974 Sandro Munari alimaliza wa tatu huko Kenya kwa Lancia Fulvia. Katika safari kama ile gari hupita nyanda za joto na nyanda za juu. Hakuna jeti iliyo kamili kwa kila mahali, na fundi hana budi kuchagua ile inayofaa zaidi kwa njia nzima.

Neno moja kwa wenye skuta za zamani, kama Vespa, ambayo Piaggio walianza kuitengeneza mwaka 1946. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Waitalia hao, na kwa jina hilo la Bajaj ndipo sisi tukapata neno letu bajaji. Injini zile za mapigo mawili hupewa oili iliyochanganywa na petroli. Anayepunguza jeti ili kubana matumizi hupunguza na oili pia. Atapata faida ya siku chache, kisha atanunua pistoni.

Na kila mtu mwenye macho aweza kuisoma injini yake bila chombo chochote. Endesha kwa mzigo, zima, fungua plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli imepungua, na hatari iko karibu, maana joto laweza kuitoboa pistoni. Ikiwa ya rangi ya kahawia, rangi ya udongo wetu mzuri, mchanganyiko ni sawa. Lakini kabla ya kulaumu jeti, safisha kichungi cha hewa, angalia boya, angalia kama gasketi inavujisha hewa. Mara nyingi jeti huadhibiwa kwa makosa ya vumbi.

Ndugu wanachama, Halmashauri imepokea maombi ya wanachama kadhaa wanaotaka injini yetu iuzwe, turudie mashine za mkono peke yake. Twaielewa hasira yao. Lakini injini haikuwa na ubaya. Mzee wa Ujiji aliipa kabureta ya ukubwa wake, yenye jeti isiyoguswa na keekee, akabadilisha ringi na oili. Na tangu siku ile imemenya bila kuzimika. Kuiuza sasa itakuwa kama kumwuza ng'ombe kwa sababu sisi tulimlisha vibaya. Twaiomba Halmashauri isikubali.

Badala yake twaleta mapendekezo manne. La kwanza, kila mtambo wa Chama uwe na daftari lake, limeandikwa ujazo wa injini, kipenyo cha koo, namba ya jeti kuu na ya sailensa, na tarehe ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. La pili, kabureta isinunuliwe mpaka mnunuzi awe na daftari hilo mkononi. La tatu, keekee na waya visiingizwe kamwe katika jeti. Kupanua tundu kutoka 115 hadi 120 ni kuongeza karibu sehemu tisa katika mia za petroli, na hakuna jicho la mtu liwezalo kuona tofauti ile. Jeti za namba mbili tatu zinazofaa ziwekwe katika kisanduku, ghalani, chini ya ufunguo. La nne, mwendesha mashine akisema kwamba mtambo una tatizo, maneno yake yaandikwe daftarini siku ile ile, hata kama sisi wakubwa hatuyaamini.

Na liko la tano, ambalo si pendekezo bali ni deni. Kijana aliyeondolewa kazini yupo hapa leo, amesimama kule nyuma pamoja na mama yake. Hatukumtaja jina, kwa sababu jina lake lilitajwa vya kutosha siku ya aibu yake. Tulimwondoa kwa kosa tulilolifanya wenyewe. Alituambia kweli, tukamjibu kwa keekee. Tulimdhania kuwa mwizi wa petroli, kumbe petroli iliibwa na tundu tulilolipanua kwa mikono yetu. Mbele yenu nyote, wakulima na viongozi, sisi wa Kamati twamwomba radhi yeye na wazazi wake. Twaiomba Halmashauri imrudishe kazini, na imlipe mishahara ya miezi aliyokaa bure; na kama fedha hiyo itakuwa nzito kwa Chama, ikatwe katika posho zetu. Mzee wa Ujiji amekubali kumpokea kwa mafunzo kabla ya msimu, naye ndiye aliyesema: "Mleteni huyo. Huyo ana sikio."

Miaka kumi ya Chama si haba. Katika miaka hiyo tumejifunza kupima kahawa kwa mizani mbele ya macho ya mwenyewe, asije mtu akadhulumiwa kwa ratili moja. Yatupasa sasa tupime na lawama kwa mizani hiyo hiyo. Kabureta imetufundisha kwamba kila kitu kina kipimo chake: injini ndogo haidhalilishwi kwa kupewa koo dogo, wala haitukuzwi kwa kupewa koo kubwa. Ikipewa lake, hufanya kazi yake yote.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Ngoma na ziingie.